Nyumba ya mawe Kiponda: plasta inabanduka kila masika. Nasema ni saruji, nani anabisha?

#1 Kidaka
Wakuu, salaam. Jumuiya ya historia ya mtaa imekabidhiwa nyumba ya zamani Kiponda, Mji Mkongwe, iitunze na baadaye iifungue kwa wanafunzi na wageni. Chini na ghorofa mbili. Kuta ni za mawe yaliyoakwa kwa udongo mwekundu na chokaa, unene sm 60 chini na kama sm 50 juu. Dari zote za boriti (miti ya mkoko), na juu kabisa kuna paa la mabati lililowekwa juu ya dari ya zamani. Kabla ya jumuiya kuingia, ndani na nje palipigwa plasta ya saruji, saruji moja kwa mchanga nne, ikamaliziwa rangi ya mafuta.

Hali ya sasa ni hii. Chini, kuanzia sakafuni hadi mita 1.2, plasta imevimba. Ukigonga inalia utupu, ukiibandua nyuma yake kuna unga mweupe. Juu kabisa, chini ya ukingo wa dari (ule ukuta mfupi unaozunguka juu), plasta inadondoka vipande vikubwa na ngozi ya jiwe pamoja. Ghorofa ya kati ni kavu, haina neno.

Fundi mmoja ametoa bei ya kubandua yote na kupiga saruji upya, safari hii na dawa ya kuzuia maji. Dai langu: saruji ndiyo ugonjwa, na hiyo dawa itauzidisha. Wajumbe wengine wanasema ni mchanga, wengine dari. Leteni hoja, ila ziwe na vipimo.

#2 MwashiMalindi
Umepiga mle mle. Ukuta wa mawe na udongo hunywa maji kutoka chini na kutoka pembeni, kisha huyatoa kwa kupumua. Ni mtungi ule. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta nje hautoi jasho, maji yanabaki ndani. Chokaa inayaachia, saruji inayazuia. Maji yakizuiwa yanatafuta njia nyuma ya plasta, yakikauka hapo yanaacha chumvi, chumvi inaganda na kuvimba, inasukuma. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo kinachokatika ni jiwe. Ndiyo maana ngozi yake inatoka pamoja na plasta.

Jinsi ya kubandua: tindo na nyundo nyepesi, anza juu ushuke. Usikubali mashine ya kutoboa zege, inatikisa udongo ulio katikati ya ukuta, na ukuta wa aina hii una nyuso mbili za mawe na kifusi katikati. Ukipata mahali saruji imeshika kabisa na jiwe ni zima, paache. Kulazimisha kunavunja zaidi. Kisha kwangua viungo kina cha sm 2 au 3, fagia kwa brashi kavu (si kuosha kwa bomba!), uuache ukuta wazi upumue. Miezi, si wiki.

#3 BoritiTatu
Mwashi, hayo ni kweli kwa chini. Kwa juu, usiibebeshe saruji mzigo wa maji ya mvua. Kidaka kasema mwenyewe: juu pabovu, kati pakavu, chini pabovu. Hizo ni njia mbili tofauti za maji. Mabati yaliyowekwa juu ya dari ya kale mara nyingi yanaishia nyuma ya ukingo, na hapo pana mfereji uliojificha ambao hakuna anayeuona kutoka barabarani. Majani na kinyesi cha kunguru vikiziba, maji hayana pa kwenda ila kushuka ndani ya kichwa cha ukuta. Pale pale ndipo vichwa vya boriti vilipoingizwa.

Pandeni juu kabla ya kugusa plasta. Angalieni mambo manne: mfereji una mteremko au umelala, milizamu (midomo ya kutolea maji ya mvua) ipo mingapi na imetokeza ukutani kiasi gani (ikiwa fupi kuliko sm 30 maji yanalamba ukuta), misumari ya mabati imeshika kutu au la, na ukingo umefunikwa juu au upo wazi.

#4 KusiNaKaskazi
Nyote mmeruka chumvi. Saruji haina chumvi ya bahari, chumvi imeletwa. Imeletwa na mchanga. Mchanga wa ufukweni ukitumiwa bila kuoshwa, hata upige chokaa safi ya shimo, ukuta utatoa jasho. Chumvi ya bahari inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo unaona ukuta umelowa siku ambayo hakuna tone la mvua. Na maji ya visima vya mjini mengi ni ya magadi, yakikorogea plasta yanaongeza yake.

Kipimo rahisi: chupa ya glasi, theluthi mchanga, jaza maji safi, tikisa, acha usiku mzima. Tope likitanda juu ya mchanga kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, mchanga haufai. Kisha onja yale maji. Usicheke, ulimi ni kifaa.

#5 Chaza
Tumefika #4, tuna wagonjwa watatu na madaktari watatu. Nimekaa pale, endeleeni 😂

#6 MpakaRangi
Mbona mnazunguka? Beit al-Ajaib, lile kasri la Mji Mkongwe, lilijengwa 1896, likaporomoka 2020 kwa sababu hiyo hiyo ya saruji. Mfano upo wazi.

#7 BintiHurumzi
@MpakaRangi hapana, pole pole. Beit al-Ajaib ni la 1883, la Sultani Sayyid Barghash. 1896 ni mwaka wa mizinga ya Waingereza, uliovunja majengo ya jirani yake na mnara uliokuwa mbele. Lililoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ni sehemu ya mbele, na jengo lile lina nguzo za chuma na baraza pana kuzunguka, si nyumba ya mtaani ya boriti na kuta nne. Hakuna anayeweza kulitumia kama ushahidi wa plasta ya Kiponda. Kama ni mfano wa kilichotengenezwa vizuri, nenda katazame ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, iliyotengenezwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan.

#8 MpakaRangi
Haya mwalimu. Lakini saruji si ilikuwepo?

#9 MwanaAmu
Nawasikiliza kutoka Lamu. @KusiNaKaskazi ana hoja, ila chumvi hailetwi na mchanga peke yake. Jiwe lenyewe lina lake. Kuna matumbawe yaliyokatwa baharini yangali laini, ambayo wazee waliyachongea zidaka (vishubaka vya ukutani) na miimo ya milango, na kuna jiwe la nchi kavu, gumu, la kuakia kuta. Lile la baharini lilipaswa kunyeshewa na mvua kwanza lioshwe ndipo litumike. Fundi wa siku hizi akiokota jiwe pwani leo na kulitomea ukutani leo, ameingiza chumvi na hakuna plasta itakayomfaa.

La pili: mnasema "chokaa" kana kwamba ni moja. Ya mfuko ni unga uliokwishazimwa kwa maji kiwandani, ukikaa ghalani mwaka mzima sehemu yake imerudi kuwa unga wa jiwe usioshika. Ya shimo ni nyingine. Huku mawe yanapangwa juu ya rundo la magogo, linawashwa, linawaka mpaka mawe yanageuka meupe na mepesi. Kisha linaachwa nje, umande na mvua vinalizima taratibu. Ukitaka ya plasta nzuri, izime kwa maji kwenye shimo, ichuje kwa wavu mdogo, ifunike na maji juu isipate hewa, ikae miezi 3 au zaidi. Ikitumiwa mapema, vipande visivyozimika vinazimikia ukutani. Vinavimba na kuacha vishimo vidogo vyenye nukta nyeupe katikati. Watu wakiviona wanalaumu chumvi, kumbe ni haraka.

#10 KusiNaKaskazi
Hapo kwenye vishimo nakubali. Ila alichoeleza Kidaka ni kuvimba kwa bapa zima na unga nyuma. Hiyo ni chumvi. Na hapo ilipopigwa ni saruji, hakuna chokaa mbichi.

#11 Pimamaji
Kabla ya kuendelea kubishana, pimeni. Chukueni nailoni nene, mraba wa sm 50, ibandikeni kwa gundi ya karatasi pande zote nne juu ya ukuta uliobanduliwa, mahali patatu: sm 40 kutoka chini, mita 2, na chini ya ukingo kule juu. Acheni siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, ni unyevu wa hewa. Rudieni siku kavu ya kaskazi na siku ya mvua. Yale ya juu yakijaa siku ya mvua tu, BoritiTatu kashinda. Yale ya chini yakijaa siku zote, ni ardhi.

Na hapa naongeza mgonjwa wa nne: uchochoro. Njia nyingi za mjini zimeinuliwa kila zinapotengenezwa, safu juu ya safu, na sasa zimefunikwa zege au matofali ya saruji. Linganisheni usawa wa njia na usawa wa sakafu ya ndani. Ikiwa njia iko juu, ukuta umezikwa, na maji ya ardhini yaliyokuwa yakipumua uchochoroni yanapandia ndani ya nyumba. Mita 1.2 ni urefu wa kawaida kabisa wa maji yanayopanda kutoka chini.

#12 Sokomuhogo
@Pimamaji ongeza na wa tano: choo. Shimo la maji machafu likiwa mita mbili kutoka kwenye msingi, huhitaji mvua wala uchochoro. Kidaka, ukuta uliovimba unapakana na nini?

#13 Kidaka
Ukuta mmoja unapakana na uchochoro, mwingine na uwanja wa ndani. Choo kiko kona ya uwanja. Ila uvimbe uko pande zote mbili, na upande wa uchochoro ndio mbaya zaidi. Njia ya nje iko juu ya sakafu ya ndani kwa sm 18.

#14 Pimamaji
Sm 18! Basi. Uzi ufungwe 😄

#15 MwashiMalindi
Usifungwe. Sm 18 zinaeleza kwa nini maji yameingia. Hazielezi kwa nini yameshindwa kutoka. Nyumba ngapi mjini zimezikwa hivyo, na zenye chokaa zimetulia, zinatoa unga kidogo kila mwaka, unafagia, unapaka tena.

#16 BoritiTatu
Nirudi juu maana ndiko kunakoua watu, plasta haiui. Chunguzeni vichwa vya boriti. Toboeni kwa bisibisi nyembamba, sm 10 kutoka ukutani. Ikizama zaidi ya sm 1 bila nguvu, kichwa kimeoza, na mara nyingi kilichobaki ndani ya ukuta ni kibaya kuliko unachokiona.

Jingine: tazameni unene wa dari ya kale chini ya yale mabati. Kila ilipovuja zamani, watu waliongeza safu ya chokaa na kokoto juu. Chokaa iliyopigiliwa ina uzito wa kama tani 1.7 kwa mita moja ya ujazo. Safu ya ziada ya sm 10 ni kilo 170 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 2.7 kwa 8 kimebebeshwa karibu tani 3.7 ambazo hazikuwemo katika hesabu ya mjenzi. Kabla ya kubadili boriti hata moja, punguzeni mzigo, kwa mikono na ndoo, mkianzia katikati mwa chumba kwenda pembeni, na chini pawe pameshatiwa nguzo za muda na jeki mpaka sakafu ya chini kabisa. Nguzo ikikanyaga dari ya ghorofa ya kati tu, umeuhamisha msiba, hujauondoa.

#17 Tindo_la_Bara
Wakuu samahani, swali la mtu wa bara. Kwa nini msimwage slabu ya zege na nondo, boriti mkasahau?

#18 BoritiTatu
@Tindo_la_Bara slabu ya sm 15 ni kilo 360 kwa mita ya mraba, kabla ya sakafu na watu. Boriti zinacheza kidogo pamoja na ukuta. Zege halichezi, linalalia sehemu chache za ukuta wa udongo na kuzipasua. Pia nondo na chumvi havipatani. Zikishika kutu zinavimba, zege linadondoka, na hapo unaanza uzi mwingine.

#19 MwanaAmu
Na boriti haipatikani kwa kutaka tu. Mkoko unakatwa kwa kibali. Kenya ilizuia kuuza boriti nje tangu 1982, kwa hiyo asikuambie mtu kuwa anayo "ya Lamu" kwenye jahazi linalokwenda Unguja. Ukinunua, nunua kwa kipimo cha unene: pau ni sm 4 hadi 7.5, mazio 8 hadi 11, boriti 11.5 hadi 13.5, nguzo 14 hadi 20. Wauzaji wanapitisha mazio kwa bei ya boriti kila siku.  Na iwe imebanduliwa magome, la sivyo wadudu wanaanza kati ya gome na mti.

#20 Chaza
Lamu mna maneno ya fito tu, milango je? Ile yenye misumari ya shaba imeishia wapi yote?

#21 MwanaAmu
Imeishia kwenye hoteli zenu, yakhe.

#22 BintiHurumzi
😂 Turudi. Kidaka, kibali. Hata kubandua plasta ya nje na kuweka jukwaa barabarani kunapitia Mamlaka ya Mji Mkongwe, ile iliyoanzishwa 1985 na kupewa sheria yake 1994. Wakaguzi wao wanataka kuona aina ya chokaa na rangi, si mchoro tu. Mkitaka kuchimba uchochoro kuushusha, hapo kuna ruhusa nyingine, na majirani. Na nyumba ikiwa ya wakfu, jumuiya haina saini, mwenye saini ni Kamisheni ya Wakf. Hakikisheni karatasi kwanza. Mji umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kila badiliko la nje linatazamwa.

#23 Sokomuhogo
2000. 2001 ni Lamu. MwanaAmu kanyamaza kimya anafurahi.

#24 Kidaka
Karatasi zipo, si ya wakfu. Sasa tuseme tumebandua, ukuta umekauka kiasi. Nipeni mchanganyiko. Ukuta wa kwanza ni mita za mraba 40.

#25 MwashiMalindi
Unene wa jumla mm 25, mita 40 za mraba ni mita 1 ya ujazo. Chokaa inajaza nafasi kati ya chembe za mchanga, kwa hiyo mchanga ni mita 1 kamili, madebe 50 ya lita 20, na chokaa ya shimo madebe 17. Moja kwa tatu. Mchanga uwe mkali, wenye chembe kubwa na ndogo. Mchanga laini mtupu unapasuka.

Ikorogeni siku moja kabla, ifunikeni kwa magunia yaliyolowa, asubuhi ipigeni tena kwa mchi bila kuongeza maji. Mafundi wengi wanaongeza maji ili iteleze, na ndiyo nyufa zote hizo. Ukuta unyunyizwe jioni na tena asubuhi mpaka uache kunywa, ila usiwe unang'aa maji. Mashimo makubwa yatomeeni vijiwe, msiyajaze chokaa tupu. Tabaka la kwanza mm 12 mpaka 15, litupwe kwa mwiko, lisikandamizwe tu. Lichanjwe likianza kukaza. La pili mm 8 hadi 10 baada ya wiki mbili au zaidi. La mwisho mm 2 au 3. Kila tabaka nyunyizeni mara tatu kwa siku, wiki nzima, na turubai lizuie jua. Chokaa inakazwa na hewa na unyevu kwa pamoja. Ikikauka haraka inabaki unga.

Msimu ni baada ya masika, Juni hadi Septemba. Januari jua na upepo wa kaskazi vinaimaliza kabla haijashika.

#26 FundiVuga
Nakubali yote isipokuwa kutotia saruji kabisa. Upande wa uchochoro unaopigwa na pikipiki na mikokoteni, chokaa tupu haimalizi mwaka. Weka saruji 1, chokaa 2, mchanga 9. Inashika siku ya pili, inapumua vya kutosha, mteja hakusumbui.

#27 MwashiMalindi
"Inapumua vya kutosha" kwa kipimo gani? Saruji kidogo inajitenga na chokaa wakati wa kukauka na kuziba vitundu. Unapata udhaifu wa chokaa na ubahili wa saruji kwa pamoja. Ukitaka ishike upesi, tia unga wa tofali la kuchomwa, laini, debe 1 kwa madebe 3 ya chokaa.

#28 FundiVuga
Tofali la kuchomwa lipi? Hilo lililochomwa nusu, ndani jeusi? Unga wake ni udongo tu. Ukipata tofali lililoiva vizuri kisiwani niite.

#29 KusiNaKaskazi
Nyote mnasahau rangi. Mkipiga chokaa safi kisha mkapaka rangi ya plastiki, mmerudi pale pale. Maziwa ya chokaa, mepesi, safu tano, kila moja ukuta ukiwa na unyevu. Safu moja nzito inachambuka.

#30 MpakaRangi
Na chumvi kidogo ndani ya ndoo ili isichafue nguo, ndivyo inavyofanywa.

#31 KusiNaKaskazi
Kurasa mbili tunahangaika kuitoa chumvi ukutani, wewe unairudisha kwa brashi!

#32 MpakaRangi
Kijiko kimoja kwa ndoo, mzee. Ukuta wenyewe una gunia.

#33 Kidaka
Shukrani. Wajumbe wameafikiana hivi: mabati na mfereji kwanza, milizamu irefushwe hadi sm 40, boriti zote za juu zitobolewe na kuandikwa namba. Nailoni zinabandikwa wiki hii. Upande wa uchochoro tutapiga vipande vitatu vya mita moja moja ya mraba, kimoja chokaa tupu, kimoja 1:2:9 cha FundiVuga, kimoja cha unga wa tofali, mchanga ule ule uliooshwa mara tatu, fundi yule yule. Viachwe vipitiwe na vuli na masika. Dawa ya kuzuia maji imekataliwa.

#34 Sokomuhogo
Na shimo la choo? Mmeliruka. Tieni rangi ya chakula chooni muone kama itatokea ukutani.

#35 Pimamaji
Tena vile vipande vitatu viwe urefu mmoja kutoka chini, vyote vianzie sm 30. Mkiweka kimoja juu na kimoja chini mtakuwa mmepima ardhi, si plasta.

#36 FundiVuga
Mchanga mnaupimia nini, debe au koleo? Maana vibarua wakipimia koleo, chokaa ya shimo inajaa kilima na mchanga mkavu unamwagika. Moja kwa tatu inakuwa moja kwa mbili.

#37 MwashiMalindi
Debe, likatwe kwa ubao juu. Hilo nalo tubishane?

#38 FundiVuga
Debe la mafuta au la rangi? Hayalingani.